Anaposema "Nimechoka": namna ya kuitambua sonona na dalili za mtu anayefikiria kujiua

Hapa Busia, upande wa Uganda, kuna mama anayeuza chai na chapati karibu na steji ya bodaboda. Ana daftari la madeni lililolowa mafuta, limejaa majina ya utani anayoyaelewa yeye peke yake. Asubuhi moja kijana wa steji aliyekuwa akidaiwa shilingi 14,000 alikuja akalipa zote kwa mkupuo. Alitoa noti ya elfu kumi na ya elfu tano, akakataa chenji. "Mama," akasema, "kama kuna mahali nilikukosea, tusamehane." Koti lake la mvua alikuwa ameshampa mwenzake jana yake. Pale steji wenzake walikuwa wakimtania kwamba beti imejibu.

Mama hakucheka. Kwa karibu mwezi mzima alikuwa akimwona kijana yule anaimega chapati vipande vipande na kuviacha kwenye sahani. Alimwita nyuma ya jiko, akamkalisha juu ya jerikeni, akamuuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, unafikiria kujiua?"

Kijana alilia. Mama alizima jiko, akamwachia jirani beseni la unga, akanipigia simu. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, wale tunaoitwa VHT. Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa ya wote wawili, na kijana bado anaendesha pikipiki.

Nimekaa kwenye semina nyingi za afya ya akili, nikala soda na keki zake. Somo kubwa kuliko yote nililipata nyuma ya jiko lile: wengi wanaotaka kujiua huaga kwanza, ila huaga kwa maneno yaliyopinda. Kazi yetu ni kuyasikia, kisha kuuliza bila kuzunguka.

Kama wewe unayesoma ndiye mwenye mawazo hayo leo, ruka yote haya. Nenda ukakae na mtu mmoja sasa hivi, yeyote unayemwamini, umwambie: "Nina mawazo ya kujiua, usiniache peke yangu." Ukishindwa kulitamka, mwonyeshe sentensi hii kwenye simu. Mengine yatafuata.

Hatua ya kwanza: jua ugonjwa unaitwaje pale mlipo

Kwenye vitabu vya Kiswahili utakuta neno sonona, kutoka kusononeka. Ni neno zuri, lakini sijawahi kumsikia mgonjwa hapa mpakani akilitumia. Watu husema "nina mawazo mengi", "kichwa kizito", "moyo umekufa", "sina nguvu ya kuishi". Wengine hawautaji moyo kabisa. Wanalalamika mgongo, tumbo kuwaka, kichwa kisichopona, mwili kuchoka kama umepigwa. Nimewajua watu waliotibiwa malaria mara nne kwa mwaka bila kipimo hata kimoja kuonyesha malaria, na wengine waliomeza dawa za vidonda vya tumbo hadi wakachoka. Ugonjwa ulikuwa kwingine.

Waganda wana maneno mawili ambayo watafiti waliyakuta vijijini Masaka na Rakai: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, kujisikitikia. Wanakijiji walikuwa na ugonjwa na jina lake kabla daktari hajafika. Mwaka 2002 watafiti walichukua vijiji 30 vya wilaya hizo mbili, na katika karibu nusu yake watu wenye hali hiyo waliwekwa katika vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, wakakutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Walizungumza juu ya mambo kama msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Mwanzoni asilimia 86 ya wanavikundi walikuwa na sonona kamili; mwishoni ilibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupewa vikundi ilibaki asilimia 54.7. Ukisikia mtu anasema ugonjwa huu ni wa Wazungu, au kwamba hauponi bila pesa nyingi, mpe hesabu hiyo. Ilifanyika hapa hapa Uganda, chini ya miti.

Hatua ya pili: hesabu wiki mbili

Huzuni si ugonjwa. Ukifiwa, ukiibiwa, ukifeli mtihani, utahuzunika, na ni haki yako. Kipimo wanachotumia wauguzi ni hiki: hali imekaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na imeanza kumkwamisha mtu katika kazi, nyumba au shule.

Angalia mambo mawili kwanza. Je, ana huzuni au utupu usioondoka? Je, amepoteza hamu ya vitu alivyovipenda? Hilo la pili ndilo watu hulikosa. Shabiki wa Arsenal ambaye hajui tena timu yake ilicheza lini, mama wa kwaya ambaye anakuja kanisani na hafungui mdomo, mpishi wa pilau anayesema "chemsheni tu mihogo". Hawa hawalii. Wamezimika.

Ukikuta moja kati ya hayo mawili, tazama na mengine: usingizi (kuamka saa tisa usiku na kutolala tena, au kulala mchana kutwa), chakula kupungua au kuzidi, uchovu, akili isiyotulia hata kusoma ujumbe wa simu, mwendo na maneno kuwa ya polepole au mwili kutotulia, kujilaumu kwa mambo yasiyo na uzito, kujiona bure, na mawazo ya kifo. Vituo vingi hutumia karatasi ya maswali tisa yanayofuata orodha hii, na swali la tisa ndilo linalouliza juu ya kutaka kufa au kujidhuru.

Kwa wanaume sura yake mara nyingi ni hasira na pombe. Mzee aliyekuwa mpole anaanza kutupa sahani. Kijana anahamia kwenye waragi saa nne asubuhi. Tunasema ameharibika tabia. Kwa mama aliyejifungua karibuni, msikilize akisema mtoto angekuwa heri na mama mwingine. Hiyo si lugha ya uchovu wa kunyonyesha, na inahitaji kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa mwanafunzi, tazama alama zinazoporomoka na ugomvi mpya. Kwa aliyepewa majibu ya virusi vya ukimwi juzi, kwa askari aliyerudi kutoka operesheni, kwa mkimbizi wa Nakivale au Kyaka ambaye bado anaota Kongo usiku, usingoje orodha itimie.

Neno juu ya dini, kwa sababu najua nitaulizwa. Mimi ni mtu wa sala. Lakini mgonjwa akiambiwa "funga na uombe, huna imani ya kutosha", anaongezewa deni jingine juu ya yale aliyonayo. Ombeni naye, kisha mwende kituoni pamoja. Mchungaji au shehe anayempeleka mtu wake kwa muuguzi hajapungukiwa kitu.

Hatua ya tatu: sikia kuaga

Wengi wenye sonona hawatajaribu kujiua. Na wapo wanaojaribu bila kuwa na sonona: wamegongwa na deni, wamefumaniwa, wameachwa, wamefedheheshwa mbele ya watu, na jambo linatendeka ndani ya saa moja ya ghadhabu na aibu. Kwa hiyo dalili za kujiua uzitazame zenyewe, usizichanganye na huzuni.

Maneno yaliyopinda ni ya namna hii. "Nimechoka", lakini si kuchoka kwa kazi. Ukimuuliza umechoka nini, anakuwa na jibu refu kuliko swali au hana jibu kabisa. "Mtapumzika na mimi." "Watoto wangu wataishi vizuri zaidi nikiondoka." "Mwaka ujao sijui kama mtaniona." "Ningelala nisiamke." Wazo la kuwa mzigo kwa wengine ni la hatari kubwa. Anayejiona mzigo huamini kwamba kufa kwake ni zawadi kwa nyumba yake, na huwezi kumtisha kwa kumwambia utawaumiza watoto. Ameshajiaminisha kinyume chake.

Vitendo husema zaidi ya maneno. Kulipa madeni madogo madogo ghafla. Kugawa vitu: koti, simu, mbuzi, vitabu vya shule. Kuomba msamaha kwa watu wengi kwa siku moja. Kumpeleka mtoto kwa bibi "kwa muda" bila sababu. Kuandika barua, au kumwonyesha mke mahali hati ya shamba ilipo. Kubadilisha picha ya WhatsApp ikawa nyeusi yenye maneno ya kwaheri. Kuulizia dawa ya mimea wakati si msimu wa kunyunyizia. Kuanza kuendesha pikipiki kana kwamba breki hazina kazi.

Dalili moja hutudanganya sote, nami ilinidanganya. Miaka iliyopita nilikuwa nikimtembelea mzee mmoja aliyekuwa amejifungia kwa wiki nyingi. Siku moja nilimkuta amenyoa ndevu, amevaa shati safi, anaongea vizuri, hata akanitania. Nilirudi nyumbani nikiimba. Nikaandika kwenye daftari langu: nafuu. Siku ya pili yake tuliitwa msibani. Sikujua wakati ule kwamba mtu aliyeshindana na wazo la kufa kwa muda mrefu anaweza kutulia pale anapokuwa ameshaamua. Utulivu wa ghafla baada ya giza refu, bila sababu inayoonekana, usiushangilie. Kaa, uulize.

Na ukijua kwamba aliwahi kujaribu huko nyuma, liweke hilo juu ya yote. Usiseme "huyo anatafuta kuonewa huruma". Kujaribu mara moja ndiyo ishara kubwa kuliko zote kwamba anaweza kujaribu tena.

Hatua ya nne: uliza, na ulitaje neno lenyewe

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanaogopa kwamba wakitaja kujiua watakuwa wamempa wazo. Si kweli, kuuliza hakupandi wazo kichwani mwa mtu ambaye hakuwa nalo. Ambaye analo hushusha pumzi, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu amelibeba upande mmoja.

Tafuta mahali pasipo masikio. Nyuma ya jiko panatosha. Chini ya mwembe, ndani ya gari lililosimama, njiani mkitembea bega kwa bega. Wanaume wengi huongea wakiwa hawatazamani. Anza na ulichokiona kwa macho yako, si hukumu:

"Kaka, wiki hizi sikuoni ukila. Juzi umempa fulani koti lako. Nina wasiwasi juu yako. Watu wanapofika pazito hivi wakati mwingine hufikiria kujiua. Wewe unafikiria?"

Kwa mkubwa wako badilisha lugha, usibadilishe swali. "Mzee, naomba unisamehe kwa kuuliza, mimi ni mtoto wako. Je, mawazo yamefika mahali pa kutaka kujitoa uhai?" Usiulize kwa namna inayomsukuma kukataa, kama "Huwezi kufikiria upuuzi wa kujiua, au siyo?" Hapo atasema siyo, na mlango umefungwa.

Halafu nyamaza. Huu ndio ugumu wenyewe. Ukimya wa dakika moja nyuma ya jiko ni mrefu kuliko ibada. Usiujaze.

Akisema ndiyo, usishtuke kwa sauti, usihubiri, usianze kisa cha shangazi yako aliyepata shida zaidi na hakujiua. Sema "Asante kwa kuniambia." Kisha uliza matatu: Umefikiria utafanyaje? Umepanga lini? Hicho kitu unacho tayari? Mtu mwenye wazo tu anahitaji msaada wiki hii. Mtu mwenye njia, siku na kitu mkononi anahitaji msaada saa hii, na kuanzia hapo haachwi peke yake hata kwenda chooni mbali.

Akikuomba usimwambie mtu yeyote, usiape. Mwambie ukweli: "Siri zako nyingine nitatunza. Hii siwezi kuibeba peke yangu. Tuchague pamoja nani tumwambie." Mara nyingi atachagua. Kijana wetu alimkataa kaka yake mkubwa, akamkubali dada yake wa Tororo.

Hatua ya tano: weka umbali kati yake na kitu

Mtu akizuiwa kuifikia njia aliyoikusudia, wengi hawaendi kutafuta nyingine. Wimbi la kutaka kufa hupanda na kushuka. Likikuta mkono mtupu, lina nafasi ya kushuka. Sri Lanka waliipiga marufuku sumu kali za mashambani moja baada ya nyingine kuanzia miaka ya 1980 na 1990, na kiwango cha watu kujiua nchini humo kikashuka kwa karibu asilimia 70 katika miaka 20 baada ya 1995. Wakulima wao waliendelea kulima.

Nyumbani kwetu chupa ya dawa ya mimea hukaa chini ya kitanda, kwa sababu ghala lina wezi. Ihamishe leo. Ipeleke kwa jirani mwenye kabati la kufuli, au afadhali kikundi cha wakulima kiwe na sanduku moja la wote. Dawa za hospitali zishikwe na mtu mmoja wa nyumba, amgawie mgonjwa za siku. Alichokitaja kwa mdomo wake kiondoke, chochote kiwe, na mtu akae naye usiku huo. Gawaneni zamu, saa nne nne.

Kama mhusika ni askari, polisi au mlinzi wa kampuni, silaha isirudi naye nyumbani wala asipangwe lindo la peke yake. Mwendee mkubwa wake moja kwa moja. "Afande, naomba fulani apumzishwe kubeba silaha, ni mgonjwa, tunampeleka hospitali" ni sentensi inayotosha. Huhitaji kueleza mengine getini.

Pombe nayo ni njia. Hufupisha umbali kati ya wazo na kitendo, hasa usiku. Ahirisheni waragi.

Hatua ya sita: mpeleke, uingie naye

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, hasa cha ngazi ya tatu au ya nne. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbale, Gulu, Arua, Mbarara, Lira, Soroti, Masaka na Fort Portal, zina vitengo vya afya ya akili. Juu ya zote ipo Butabika, Kampala, hospitali ya taifa iliyojengwa mwaka 1955. Jina lake limekuwa tusi mitaani, "wewe ni wa Butabika", na tusi hilo limewaua watu waliokataa kwenda. Sijui mwingine anayeogopa hospitali kwa sababu ya utani kuliko sisi.

Mlangoni usiseme "ana kichwa". Utapewa panadoli. Sema waziwazi: "Ndugu yangu amesema anataka kujiua, na nimekuja naye kwa sababu siwezi kumwacha peke yake." Kama foleni ni ndefu, mwambie muuguzi tena, kwa heshima na bila aibu. Niliwahi kumpeleka dada mmoja mahali, sitapataja, akaambiwa arudi Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa. Nilikaa kwenye benchi naye hadi zamu ikabadilika, na muuguzi wa usiku akampokea. Benchi ni sehemu ya matibabu.

Atapimwa pia vitu vingine, kwa sababu upungufu wa damu, tezi ya shingoni na magonjwa mengine huweza kujifanya sonona. Akipewa dawa kama fluoxetine au amitriptyline, mjue mambo haya. Huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, kabla hajaona nafuu, kwa hiyo asiache wiki ya kwanza akisema hazifanyi kazi. Si dawa za kulevya. Haziachwi ghafla kwa sababu tu mtu amepata nafuu. Huendelea miezi mingi baada ya kupona. Na wiki za mwanzo, hasa kwa vijana, atazamwe kwa karibu zaidi, kwa kuwa mawazo ya kujiua yanaweza hata kuongezeka. Amitriptyline ikimezwa nyingi ni hatari, ndiyo maana nimesema ashike mtu mwingine.

Sheria. Kanuni ya Adhabu ya Uganda bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na woga wa polisi huwafanya ndugu wamfiche mgonjwa ndani. Msifanye hivyo. Mtu huyu ni mgonjwa wa dharura, hospitali kwanza, mengine baadaye. Hatua chache kutoka hapa, ng'ambo ya mpaka, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226, chenye kosa hilo hilo, kinapingana na katiba. Sisi bado tunangoja yetu.

Namba za kuhifadhi kwenye simu: 999 au 112 kwa dharura, 116, laini ya Sauti, bila malipo, kwa jambo lolote la mtoto, na 0800 100 066, laini ya Wizara ya Afya, nayo bila malipo.

Kama ameshameza kitu

Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa, mayai mabichi wala mafuta. Yatakupotezea muda na yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mwondolee nguo zilizomwagikiwa, osha ngozi kwa maji mengi huku ukijikinga mikono. Akiwa amelegea, mlaze kwa ubavu. Chukua chupa au pakiti uende nayo, kwa sababu daktari anahitaji kujua ni sumu gani. Pikipiki, gari la sokoni, chochote kinachotembea. Usingoje mwenyekiti wa kijiji (LC1) afike kuandika.

Kama tumechelewa

Msisambaze picha. Najua jinsi kundi la kijiji linavyowaka moto asubuhi ile, na najua kwamba kijana mwingine mwenye mawazo yale yale anazitazama akiwa peke yake kitandani. Msieleze namna alivyofanya. Msiseme ameshinda au ameshindwa. Semeni amefariki kwa kujiua.

Katika jamii zetu nyingi aliyejiua huzikwa upesi upesi, bila matanga, na nyumba yake hukwepwa kama ina ukoma. Wajane na watoto hubaki na msiba wasioruhusiwa kuulilia. Nendeni. Kaeni chini kwenye mkeka kama kwa marehemu mwingine yeyote. Watoto waambiwe ukweli kwa maneno ya umri wao, na waambiwe mara nyingi kwamba si wao waliosababisha. Wafiwa hawa wenyewe wana hatari kuliko jirani wa kawaida, kwa hiyo hatua ya pili na ya tatu zianze upya, safari hii juu yao.

Hatua ya saba: wiki zinazofuata

Siku za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari, na ndizo ambazo wageni huacha kuja. Panga nani atapita Jumatatu, nani Jumatano. Usipite na maswali ya daktari. Pita na ndizi, au shati la kushona kifungo. Mrudishe kazini kwa kipimo kidogo. Deni lililomsukuma lishughulikiwe: kaeni na aliyemkopesha, ombeni malipo yagawanywe, dawa haimalizi rehani ya pikipiki. Kikiwepo kikundi cha mazungumzo karibu nanyi, ajiunge. Kisipokuwepo, watu sita na mtu mmoja aliyefundishwa kukiongoza mnaweza kukianza.

Halafu andikeni karatasi, pamoja naye, siku akiwa ametulia. Iwe fupi, kwa lugha yake. Ya kijana wa steji aliiandika kwa peni ya buluu kwenye ukurasa uliochanwa kutoka daftari la madeni, na anaiweka chini ya kiti cha pikipiki ndani ya nailoni. Amenikubalia niinakili:

Nikianza kuamka saa tisa usiku siku tatu mfululizo, imeanza.
Nisibeti, nisinywe.
Niende nikae steji hata kama sibebi abiria.
Nimpigie dada.
Dada asiposhika, VHT.
Nikiona siwezi kungoja, niendeshe hadi kituoni na taa zikiwa zimewashwa, niseme nataka kujiua.
Mama wa chai anafungua saa kumi na moja asubuhi.